Kiti cha Jimbo, Kadi ya Chama

Mbangala ni kata ya wilaya ya Songwe, katika bonde linaloteremka kuelekea ziwa Rukwa. Kama si dhahabu, jina lake lisingevuka mji wa wilaya wa Mkwajuni. Kata hii imo ndani ya uwanda wa dhahabu wa Lupa, ambao tangu miaka ya 1920 umewavuta watafutaji kutoka kila pembe ya Tanganyika na nje yake. Kwa jirani yake, Saza, kulikuwa na mgodi mkubwa wa wakati wa ukoloni uliofungwa mwaka 1956. Wachimbaji wadogo wamebaki na maduara yao, makarasha yanayosaga mawe mchana kutwa, mabeseni ya maji na zebaki, na marundo ya marudio ambayo wenye mtaji huyanunua wayachenjue upya. Mwaka 2012 mgodi wa New Luika wa kampuni ya Shanta ukamimina dhahabu yake ya kwanza, na tangu hapo duara la kamba na ndoo na mgodi wa mitambo vimekuwa majirani.

Anayekuja kuomba kura Mbangala anajua ataulizwa nini kabla hajashuka garini. Ataulizwa kuhusu maeneo ya kuchimba, kwa sababu ardhi kubwa imeshikwa na leseni za wenye fedha. Ataulizwa ushuru wa huduma, ile sehemu ya mauzo ambayo mgodi hulipa halmashauri, umefanya nini kijijini. Ataulizwa barabara ya Mbalizi hadi Mkwajuni na Makongolosi lini itawekwa lami, maana mkazi wa huku akiitwa Vwawa, makao makuu ya mkoa wake, kwa kawaida hupitia Mbalizi, mkoa wa Mbeya, ndipo aingie tena Songwe. Haya ni maswali ya haki, na wagombea wameyajibu kwa ahadi uchaguzi hata uchaguzi.

Kuna swali jingine ambalo mkutanoni halisikiki sana, nalo ndilo lililoamua hatima ya wanasiasa wengi wa Nyanda za Juu Kusini tangu kabla ya uhuru. Mtu akishapata kura za wananchi, kiti anachokalia ni cha nani? Ni cha waliompigia, au cha chama kilichompa kadi? Nimeifuata historia ya swali hili kupitia watu watatu wa upande huu: John Mwakangale, Njelu Kasaka na David Silinde. Hakuna kati yao aliyekuwa mbunge wa Mbangala peke yake, ila kila mmoja aligombea chini ya utaratibu wake, na taratibu hizo tatu zote zimempitia mpiga kura wa Mbangala.

Tuanze na mwaka 1958. Waingereza walikubali kufanya uchaguzi wa kwanza wa wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, lakini kwa masharti ya kura tatu. Kila jimbo lilitoa wajumbe watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia, na kila mpiga kura alitakiwa amchague mmoja wa kila rangi. Akiacha hata nafasi moja, karatasi yake iliharibika. Kupiga kura kwenyewe kulikuwa na bei. Mtu alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango kilichowekwa, au cheo kinachotambuliwa. Kibarua wa mgodi wa Lupa hakuzigusa pauni hizo hata kwa mbali. Jimbo lenyewe lilikuwa Nyanda za Juu Kusini nzima, kuanzia Iringa hadi Chunya na Rungwe, na Waafrika wote hao walikuwa na nafasi moja tu.

TANU nusura ipasuke juu ya jambo hili. Wengi walitaka kuususia uchaguzi. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Julius Nyerere aliwashawishi wajumbe waingie humo humo kwenye kura tatu ili wauvunje utaratibu huo kutoka ndani, na Zuberi Mtemvu akajitoa akaanzisha chama chake cha African National Congress. Historia imempa Nyerere haki katika uamuzi ule. Nyanda za Juu Kusini zilipiga kura katika awamu ya kwanza, Septemba 1958, na Mwafrika aliyeingia barazani kwa niaba yao alikuwa John Mwakangale, kiongozi wa TANU aliyetoka Unyakyusa. Katika kiti cha Mzungu aliingia Marion Chesham, Mmarekani kwa kuzaliwa aliyeishi nyanda za Iringa, ambaye TANU ilimuunga mkono na ambaye baadaye alichukua uraia wa Tanganyika.

Mwakangale hakuwa mtu wa kunong'ona. Mwezi ule ule wa uchaguzi alikuwamo Mwanza katika mkutano ulioanzisha PAFMECA, umoja wa vyama vya ukombozi vya Afrika Mashariki na Kati, na msimamo wake haukuwa na kona: uhuru kwanza, na uhuru wa jirani ni sehemu ya uhuru wetu. Kwa mtu wa mpakani hilo lilikuwa jambo la kila siku, kwa sababu ng'ambo ya Tunduma kulikuwa bado Rhodesia ya Kaskazini, na Wanyamwanga waliishi pande zote mbili za mstari waliochorewa na Wazungu.

Januari 1962, mwezi mmoja baada ya uhuru, Nelson Mandela alitoroka Afrika Kusini, akapita Bechuanaland na kutua kwa ndege ndogo Mbeya. Mwenyewe ameandika jinsi alivyoingia hotelini akakuta weusi na weupe wameketi pamoja wakizungumza, jambo ambalo hakuwahi kuliona kwao. Wakati bado anashangaa, Mwafrika mmoja akamuuliza mhudumu wa Kizungu iwapo Bwana Mwakangale hakuja kuwaulizia wageni hawa. Mama yule akaomba radhi kwamba alikuja, ila yeye alisahau kuwaambia. Mwafrika yule akamwonya kwa adabu awe mwangalifu. Mandela anasema hapo ndipo alipojua amefika katika nchi inayotawaliwa na Waafrika. Mbunge ambaye jina lake peke yake lilimfanya mhudumu wa hoteli aombe radhi alikuwa ameingia kwenye siasa kwa kura ya watu wachache wenye pauni 150. Hata hivyo, nguvu yake ilitokana na wale maelfu wasiokuwa na kura, waliolipa kiingilio cha TANU na kujaza mikutano yake. Wakati ule chama na watu walikuwa kitu kimoja, na ndiyo maana hakuna aliyeona haja ya kuuliza kiti ni cha nani.

Miaka mitatu baadaye utaratibu ukabadilika. Katiba ya muda ya 1965 iliifanya Tanzania nchi ya chama kimoja, na Septemba mwaka huo wananchi wakapiga kura kwa njia ambayo wazee wa Songwe bado wanaikumbuka kwa alama zake: jembe na nyumba. Mkutano wa TANU wa wilaya uliwapigia kura waombaji, Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili, na hao wawili ndio waliokwenda kwa wananchi. Walisafiri pamoja, wakapanda jukwaa moja, mmoja akisema mwingine akisubiri zamu yake, msimamizi wa chama amekaa pembeni. Walikatazwa kutumia kabila, dini au rangi, na walitakiwa kuhutubia kwa Kiswahili peke yake. Kwenye bonde la Rukwa, ambako bibi kizee wa Kibungu alikuwa hajui Kiswahili zaidi ya salamu, sharti hilo lilimnyima mgombea lugha ya mkutano wake. Ila lilimlinda pia Mnyiha aliyegombea kwa Wanyamwanga, na Mnyamwanga aliyegombea kwa Wanyiha, na mimi naliona lilikuwa na faida kuliko hasara.

Uchaguzi ule haukuwa mchezo wa kuigiza. Mawaziri walianguka, akiwemo Paul Bomani aliyeshika Fedha. Wananchi walikuwa na uwezo wa kumtoa mtu. Walichokosa ni uwezo wa kuchagua sera, kwa sababu wagombea wote wawili walikuwa na ilani moja, na hoja iliyobaki ilikuwa nani atawahangaikia zaidi kuhusu kisima na zahanati. Tena katiba ile ile iliandika kwamba mbunge lazima awe mwanachama wa TANU, na uanachama ukiisha, ubunge umekwisha.

Sharti hilo lilitumika upesi. Oktoba 1968 Halmashauri Kuu ya TANU iliwafukuza chamani watu tisa, wengi wao wabunge, Oscar Kambona akiwa mmoja wao ingawa alikuwa ameshakimbilia London. Miongoni mwa waliofukuzwa alikuwamo Eli Anangisye wa Rungwe, aliyewahi kuongoza Umoja wa Vijana wa TANU. Wabunge waliofukuzwa walipoteza viti vyao. Wapiga kura wao hawakuulizwa. Unaweza kuwa na maoni yoyote juu ya Kambona na wenzake, lakini ukweli wa kisheria ulikuwa umewekwa bayana: kikao cha chama kinaweza kufuta kura za jimbo zima.

Robo karne ikapita. Mwaka 1993 wilaya ya Chunya, ambayo Mbangala ilikuwa bado ndani yake, ilikuwa na mbunge aliyesimama na hoja iliyotikisa nchi. Njelu Kasaka alikuwa mbunge wa Lupa, wa CCM, chama kilichoirithi TANU. Yeye na wenzake walichaguliwa katika uchaguzi wa Oktoba 1990, wa mwisho wa chama kimoja, na Julai 1992 sheria ikaruhusu vyama vingi. Kwa hiyo Bunge lile lilikuwa la ajabu: nje kulikuwa na vyama vya upinzani, ndani wote walikuwa CCM. Ukitaka upinzani wa kweli bungeni, ulitakiwa utoke humo humo ndani ya chama tawala.

Chanzo kilikuwa Zanzibar kujiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, bila ridhaa ya Muungano. Mjadala ulipopamba moto, wabunge wa Bara waliuliza mbona Zanzibar ina serikali yake ya kuisemea, na Tanganyika haina. Wabunge 55, wakiongozwa na Kasaka, wakaandaa hoja ya kuunda Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Magazeti yakawaita G55. Humo alikuwamo pia Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari. Inafaa kuelewa uzito wa jambo lile: sera ya chama chao ilikuwa serikali mbili, mwasisi wa sera hiyo alikuwa hai huko Butiama, na hawa walikuwa wanachama watiifu wenye kadi. Agosti 1993 Bunge lilikaa Dodoma, hoja ikafanyiwa marekebisho baada ya mashauriano na serikali, kisha tarehe 24 ikapita bila kupingwa. Kwa siku hiyo moja Bunge la Tanzania lilikuwa limeamua kinyume na sera ya chama kilicholijaza.

Mwalimu Nyerere hakunyamaza. Alikutana na viongozi wa chama na wa serikali, akawabana, na baadaye akaandika kitabu kizima, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, akiwalaumu kwa jina Waziri Mkuu John Malecela na Katibu Mkuu wa CCM Horace Kolimba. Hoja yake ilikuwa nzito kwa pande mbili. Ya kwanza ilihusu Muungano wenyewe, kwamba serikali tatu zitauua. Ya pili ilihusu utaratibu: serikali inayotokana na chama haiwezi kuibadili sera ya chama bila chama kuulizwa. Agosti 1994 Bunge lile lile lililopitisha hoja ya Kasaka likaifuta. Desemba mwaka huo Malecela akaachia uwaziri mkuu kwa Cleopa Msuya, na Kolimba naye akaupoteza ukatibu mkuu.

Sitaki kuhukumu hapa kama serikali tatu zingetufaa. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilipokusanya maoni ya wananchi ilirudi mwaka 2013 na rasimu yenye serikali tatu, na Bunge Maalum la Katiba likaikataa mwaka 2014 baada ya UKAWA, umoja wa wapinzani, kutoka nje. Mjadala huo haujafungwa. Ninachosema ni kwamba mbunge wa Lupa alikuwa na msimamo, akausema hadharani, akaushindia bungeni kwa hoja, kisha msimamo ule ukazimwa kwingine, mahali ambapo mpiga kura wa Chunya hakuwa na kiti.

Laiti mlango mwingine ungekuwa wazi, Kasaka au mwingine kama yeye angeweza mwaka 1995 kurudi kwa wananchi mwenyewe na hoja yake, bila kadi ya mtu. Mlango huo ulikaribia kufunguka. Mchungaji Christopher Mtikila, mwana wa Ludewa, alifungua kesi Mahakama Kuu Dodoma kudai haki ya mgombea binafsi. Tarehe 24 Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akampa ushindi: kila raia anayo haki ya kugombea, awe na chama au asiwe nacho. Serikali haikusubiri. Desemba 1994 Bunge lilipitisha marekebisho ya kumi na moja ya Katiba na kuufunga tena ule mlango. Zilikuwa zimepita wiki chache tu tangu hukumu, na miezi minne tangu wabunge hao hao waifute hoja ya Tanganyika. Kwangu mimi, mwaka 1994 ndio uliotengeneza mgombea wa Tanzania ya leo, kuliko hata 1992 ulioleta vyama vingi. Vyama viliongezeka, ila mtu asiye na chama akabaki nje ya geti.

Masharti ya kumpata mbunge ukiyasoma katika ibara ya 67 ni mepesi. Awe raia, ametimiza miaka 21, anajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Sheria ya uchaguzi inamtaka wadhamini 25 kutoka jimboni na dhamana ya shilingi 50,000. Kijana wa Mbangala anayeuza kahawa kwenye karasha anayatimiza yote hayo. Linalomsimamisha ni lile sharti moja, kwamba awe mwanachama wa chama na awe amependekezwa na chama hicho. Na ibara ya 71 inakamilisha kazi: akiacha au akiachishwa uanachama, kiti kimekwenda.

Hapo ndipo anapoingia David Silinde. Mwaka 2010, akiwa hajatimiza miaka 30, alisimama Mbozi Magharibi kwa tiketi ya CHADEMA, chama cha upinzani, dhidi ya mbunge aliyekuwa madarakani, Dk. Luka Siyame wa CCM, na akashinda. Jimbo hilo lilibeba Tunduma ndani yake, na Tunduma haifanani na mji mwingine wowote wa Nyanda za Juu. Reli ya TAZARA na barabara kuu ya kwenda Zambia vinapitia hapo hapo. Malori yanapanga foleni ya kilomita nyingi. Wabadilishaji fedha wanahesabu kwacha na shilingi mkono mmoja. Ni mji wa vijana waliotoka kwao kutafuta, na kijana wa aina hiyo hamtambui mwenyekiti wa zamani wa kijiji wala hamwogopi balozi wa nyumba kumi. Maji yamekuwa kilio cha mji huo kwa miaka. Mwaka huo huo Joseph Mbilinyi, msanii anayejulikana kwa jina la Sugu, aliitwaa Mbeya Mjini kwa chama hicho hicho. Upepo ulikuwa umegeuka.

Mwaka 2015 Mbozi Magharibi iligawanywa kuwa Momba na Tunduma. Silinde alikwenda Momba akashinda, Frank Mwakajoka akaichukua Tunduma, na Pascal Haonga akaichukua Mbozi, wote CHADEMA. CCM ikabaki na Vwawa kwa Japhet Hasunga, Ileje kwa Janet Mbene, na Songwe, jimbo la Mbangala, kwa Philipo Mulugo, ambaye tangu 2010 alikuwa mbunge na aliwahi kuwa Naibu Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Ufundi. Mkoa mpya wa Songwe ulipozaliwa mwaka 2016 kwa kukatwa kutoka Mbeya, majimbo yake sita yalikuwa yamegawanyika nusu kwa nusu. Sijui mkoa mwingine ulioanza maisha yake na mizani iliyosimama sawa kiasi hicho.

Kisha ikaja korona. Kati ya Aprili 20 na Mei 1 mwaka 2020 walifariki wabunge watatu: Getrude Rwakatare, Richard Ndassa na Augustine Mahiga. Freeman Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA wakati huo, akawaagiza wabunge wa chama chake wasihudhurie vikao Dodoma, wajitenge. Baadhi walikaidi wakaendelea kuingia ukumbini, Silinde akiwa mmoja wao. Tarehe 11 Mei chama kilimfukuza pamoja na Anthony Komu, Joseph Selasini na Wilfred Lwakatare. Siku hiyo hiyo, kwa amri ya Rais Edgar Lungu, Zambia ilifunga mpaka wake wa Nakonde kwa sababu ya maambukizi, na malori yakasimama Tunduma. Momba ilikuwa inapokonywa mbunge wake na mkoa mzima unapokonywa riziki yake ndani ya saa 24 zile zile.

Kwa mujibu wa ibara ya 71, Silinde alikuwa amekwisha. Lakini Spika Job Ndugai alikataa kuwaondoa waliofukuzwa, na wakamaliza muda wao bungeni. Jambo hilo linaniuma kwa namna mbili. Naona ni haki kwamba wananchi wa Momba hawakupoteza mwakilishi kwa ugomvi wa kikao cha chama. Ila haki ile haikutoka kwenye sheria. Ilitoka kwenye kiti cha Spika, na kiti hicho hakikuwahi kuwa na huruma hiyo kwa mbunge aliyekosana na chama tawala. Novemba mwaka huo wanawake 19 wa viti maalum waliofukuzwa na CHADEMA walibaki bungeni vile vile. Kanuni inayolinda upande mmoja tu haiwezi kuitwa ulinzi wa mpiga kura.

Silinde alijiunga na CCM, akashinda uteuzi wa chama hicho Tunduma, na Oktoba 2020 akatangazwa mshindi dhidi ya Mwakajoka, mwenzake wa jana. Upinzani ulilalamikia uchaguzi ule nchi nzima. Majimbo yote sita ya Songwe yalikwenda CCM, na CHADEMA ikabaki na jimbo moja tu Tanzania nzima, Nkasi Kaskazini ya Aida Khenani, huko kwa jirani zetu wa Rukwa. Desemba Silinde akawa Naibu Waziri TAMISEMI. Fedha za UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, zilipokuja mwaka 2021 na nchi ikajenga madarasa 15,000, yeye alikuwa katika wizara iliyosimamia ujenzi huo. Mwaka 2023 alihamishiwa Mifugo na Uvuvi, kisha Kilimo.

Wapo Tunduma wanaomwita msaliti na wapo wanaosema kafanya alichotakiwa, kafuata penye uwezo wa kuleta maendeleo. Mimi nasita kumhukumu mtu ambaye sheria ilimpa njia mbili tu: apate kadi nyingine au arudi nyumbani. Juliana Shonza, aliyeingia bungeni kwa viti maalum vya mkoa huu huu, alipita njia hiyo mapema zaidi. Alifukuzwa Baraza la Vijana la CHADEMA Januari 2013, akahamia CCM, na mwaka 2017 akawa Naibu Waziri wa Habari. Katika nchi yenye mgombea binafsi, Silinde wa Mei 2020 angeweza kwenda Chitete na Kamsamba, jimboni mwake, akawaambia watu: nilikataa amri ya chama kwa sababu hii na hii, nihukumuni. Wangemrudisha au wangemtupa. Badala yake alihukumiwa mara mbili na vikao vya vyama, kimoja kikimfukuza na kingine kikimpokea.

Na Mbangala? Jimbo la Songwe halikuwahi kuiacha CCM, hivyo ushindani wake wa kweli hufanyika kabla ya uchaguzi mkuu, kwenye kura za maoni. Mwaka 2020 maelfu ya wanachama wa CCM walichukua fomu za ubunge nchini kwa shilingi 100,000, na baada ya matokeo nchi nzima ikawa inaimba kwamba wajumbe si watu wazuri. Mwaka 2025 fomu ikapanda hadi shilingi 500,000. Mchimbaji mdogo mwenye hoja nzuri kuhusu leseni na zebaki hawezi kuitoa fedha hiyo kwa bahati nasibu ya kikao, na akiitoa bado uamuzi wa mwisho ni wa vikao vya juu. Sheria za madini za Julai 2017, zilizoilazimisha migodi kupanga mchango wake kwa jamii pamoja na halmashauri na zilizopandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 6, zilikuwa na faida kwa kata kama hii. Zilipita bungeni kwa msimamo wa chama. Siku ambapo msimamo wa chama utakuwa kinyume na maslahi ya Mbangala, mbunge wake atakuwa na kiti kimoja cha kupoteza.

Mtikila aliendelea kupigana. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilimpa tena ushindi. Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikautengua, ikisema hilo ni suala la Bunge. Akaenda Arusha pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaamua kwamba Tanzania inavunja haki ya raia wake kwa kumzuia mgombea binafsi, na ikaiagiza irekebishe sheria. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari tarehe 4 Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi. Katika uchaguzi wa Oktoba 2025 CHADEMA yenyewe haikuwamo baada ya kuondolewa kwa kutosaini kanuni za maadili, kwa hiyo mamilioni ya wafuasi wake hawakuwa na mgombea wa chama chao, wala hawakuruhusiwa kusimamisha wa kwao bila chama.

Kurekebisha ibara ya 67 na ya 71 kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote. Wabunge wa Songwe wa sasa wana uwezo wa kuanzisha hoja hiyo, kama Kasaka alivyoanzisha ya kwake. Wapiga kura wa Mbangala, Tunduma na Kamsamba wawaulize kuhusu jambo hilo, pamoja na barabara na leseni, mikutano ya ubunge itakaporudi. Hukumu ya Arusha haijatekelezwa mpaka leo.